Mama Aliyetoka Ng'ambo ya Mto

Kamati ya Historia iliponitaka niandike sura ya kitabu hiki inayohusu huduma ya akina mama, nilikataa mara mbili. Niliona si vema mtu kumwandika mzazi wake mwenyewe katika kitabu cha usharika, maana wapo akina mama wengi waliobeba kazi hii kwa miaka mia moja, na watoto wao nao wangeweza kudai haki hiyo. Mara ya tatu Mzee mmoja wa Kanisa akaniambia, "Mwalimu, hatukuombi umsifu. Tunakuomba uandike alivyofika." Kwa neno hilo nikakubali. Iwapo nitatia chumvi, wapo wazee walio hai watakaonisahihisha, nao hawanionei haya.

Sitalitaja jina lake hapa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina lililokwisha kuandikwa katika kitabu cha washarika halina haja ya kuandikwa tena. Wengi wenu mlimfahamu kwa lile jina la Mama Mkimbizi, ambalo lilianza kama neno la kumtenga, likaishia kuwa neno la kumwita usiku mlangoni.

Alizaliwa yapata mwaka 1936 karibu na Gahini, mashariki mwa Rwanda, mahali palipokuwa na misheni na hospitali ya Waanglikana wa CMS. Wageni wetu wa Dayosisi wanaijua Gahini kwa sababu nyingine: huko ndiko ulikowaka moto wa Uamsho katika miaka ya 1930, ukavuka mipaka kwenda Uganda, Buhaya, Karagwe na mbali zaidi. Wazazi wake walikuwa watu wa Uamsho. Alikulia katika nyumba ambamo dhambi iliungamwa kwa sauti mbele ya majirani, pombe haikuingia, na mgeni hakuulizwa anakwenda wapi kabla hajala. Akiwa msichana alipata kazi wodini, kazi ya kufua mashuka, kuosha wagonjwa na kumwaga maji machafu. Hakuwa muuguzi wa cheti. Alijifunza kwa macho na kwa mikono, na yale aliyojifunza pale ndiyo aliyoyatumia hapa kwetu kwa zaidi ya miaka 50.

Hapa niruhusiwe kukumbusha jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tunaposimulia asili yetu. Mmisionari Ernst Johanssen wa Misheni ya Betheli, aliyefika Bukoba mwaka 1910, alitokea Rwanda, ambako yeye na wenzake walikuwa wameanza kazi mwaka 1907. Vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa wamisionari Wajerumani mwaka 1916, ni Wakristo wenyeji waliolishika Kanisa wasiliache lianguke. Baadaye Uamsho nao ukaja kwa njia hiyo hiyo, kutoka upande wa machweo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba katika Karagwe vitu vya kutoka ng'ambo ya mto ni vya kigeni, na atazame kwanza amekalia benchi la nani.

Machafuko ya Rwanda yalianza Novemba 1959. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakaanza kuikimbia nchi kwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Mama alikaa akisubiri mambo yatulie, kama walivyosubiri wengi. Mwaka 1962 hakuweza tena kusubiri. Alivuka mto Kagera usiku kwa mtumbwi kupitia katikati ya mafunjo, kaka yangu wa miaka minne akiwa mgongoni, nami nikiwa tumboni. Alikuwa na Agano Jipya la Kinyarwanda, beseni la bati alilopewa hospitalini siku ya arusi yake, na kitenge kimoja. Baba alimvusha, akamfikisha penye nyasi kavu, akamwambia anarudi kumchukua mama yake mzazi na ng'ombe wawili. Hakurudi. Tuliishi kwa kusikia habari mbili tatu zisizolingana, hadi mauaji yaliyofuata shambulio la Desemba 1963 yalipokata habari zote. Mama hakuvaa nguo za kufiwa, kwa kuwa hakuna aliyemletea habari ya kifo. Alimtaja baba katika sala ya jioni pamoja na walio hai kwa miaka yote niliyoishi naye, nasi watoto hatukuthubutu kuuliza.

Wakimbizi wengi wa wakati ule walipelekwa katika makazi yaliyotengwa, kama Nkwenda huku kwetu. Wengine walipata hifadhi kwa wenyeji, na Mama alikuwa mmoja wao. Bibi mmoja Mnyambo, mjane, mshiriki wa usharika huu, alimkuta chini ya mti wa mbula karibu na njia ya kisimani, akamwona hali yake, akampeleka nyumbani kwake. Nilizaliwa katika nyumba ya bibi huyo. Hawakuwa na lugha moja iliyo sawasawa, ingawa Kinyarwanda na Kinyambo si lugha zinazopigana, na kwa siku za kwanza walielewana zaidi kwa nyimbo. Tuni moja, maneno mawili. Mimi nilipoanza kupata akili nilidhani kila mtu ana bibi anayeimba kwa lugha nyingine na mama yake.

Jumapili ya tatu bibi alimleta kanisani. Mwinjilisti wa siku hizo alifungua kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, ambacho kingalipo katika kabati la ofisi ya usharika, akamwandika kuwa amepokelewa kutoka Kanisa la Kianglikana. Penye safu ya "Atokako" akasita. Mama alitaja kilima chao, mwinjilisti hakuweza kukiandika. Akatumbukiza kalamu katika wino, akaandika, "Ng'ambo ya mto."

Ningependa kuandika kwamba usharika wote ulimpokea kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo, na kitabu cha historia kisichokuwa na ukweli ni afadhali kisichapwe. Wapo waliomgawia migomba ya kupanda na mbegu za maharage. Wapo pia waliomwambia kwamba wakimbizi wamekuja kula ardhi. Bibi alipomkatia sehemu ya kibanja chake mbele ya mashahidi, jamaa za marehemu mume wake walipinga, na baada ya bibi kufariki shauri lile lilifika katika Baraza la Wazee. Baraza halikufanya haraka. Shauri lilikaa kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo Mama alikuwa akiketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akiondoka kabla ya watu kusalimiana. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini hakuhamia kanisa jingine au Nkwenda walikokuwa watu wake. Akanijibu, "Nilikuwa nimekwisha vuka mto mmoja. Sikuwa na nguvu za kuvuka wa pili." Mwishowe wazee walikwenda wenyewe kibanjani, wakapima kwa hatua, wakapanda mimea ya mpakani, na mpaka ule upo hadi leo.

Kazi yake ya ukunga ilianza kwa dharura. Usiku mmoja wa mvua mke wa mmoja wa wale wale waliompinga alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Hospitali ya Nyakahanga ilikuwa mbali, machela ya miti ilihitaji wanaume wanane na njia ilikuwa utelezi. Mtu akakumbuka kwamba yule mkimbizi aliwahi kufanya kazi hospitalini. Mama alikwenda na beseni lake. Hakuwa amepata kuzalisha peke yake, alinieleza baadaye. Alikuwa ameshika taa tu wengine wakizalisha. Mtoto alitoka salama asubuhi. Tangu siku hiyo tulizoea kuamshwa. Alichemsha maji, alikata kucha zake kila Jumamosi, na alikuwa na kanuni moja ambayo haikubadilika: akiona damu nyingi au uchungu umepita usiku mmoja na mchana mmoja, hakuomba kwanza, aliwatuma wanaume wakatafute machela, ndipo akaomba. Baadhi ya ndugu wa Uamsho walimkemea kwa upungufu wa imani. Aliwasikiliza kwa heshima, na safari iliyofuata akafanya vile vile.

Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda zaidi ya 30,000. Mama alipokea hati yake, akaikunja ndani ya Agano Jipya, akapika ndizi kwa nyama, jambo la nadra nyumbani kwetu. Alikuwa ametoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na wenyeji wengine, akiwapokea watu waliokimbia kutoka Missenyi baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na daraja la Kyaka kuvunjwa. Naye alikuwa amesema kwa mshangao kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumfungulia mkimbizi mlango, badala ya kubisha. Katika mwaka huo huo wa 1979 Dayosisi ya Karagwe ilianzishwa, na akina mama wa usharika wakapata nguvu mpya. Yeye akachaguliwa kuwa mtunza hazina wa umoja wao. Hesabu zake alizifanya kwa mafundo ya kamba, kisha mimi nikazinakili daftarini, na hazikupishana hata senti.

Sasa nafika katika miaka ambayo si rahisi kuandika. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa katika mkoa huu wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda, wakidhani huwapata wafanya biashara tu. Halafu ukaingia katika nyumba za walimu, za wakulima, za wainjilisti. Kuna mwaka ambao mwinjilisti wetu alizika mara tatu katika juma moja na sauti ikamkauka. Migomba ilibaki bila kupaliwa kwa kukosa watu wa kupalia. Na hofu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa: wagonjwa waliwekewa chakula kizingitini, vyombo vyao vilivunjwa, na wapo waliokufa wakiwa hawajaguswa na mkono wa mtu kwa miezi.

Mama aliwagusa. Hakukuwa na glovu. Alifunga mifuko ya nailoni mikononi kwa kamba za migomba, akachemsha maji, akaosha vidonda, akabadilisha shuka, akalisha uji kwa kijiko. Alikuwa akienda nyumba nne, tano kwa siku, na Ijumaa alifunga safari ya mtaa wa mbali. Mwanzoni alikwenda peke yake. Kisha binti wawili wa kwaya wakamfuata, halafu wake wa wazee, na hatimaye ile huduma ikawekwa katika taarifa za usharika kwa jina la diakonia. Taarifa hizo zinasoma kana kwamba jambo lilianza kwa azimio la kikao. Mimi nilikuwapo, lilianza kwa beseni.

Yatima walikuja wenyewe. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume wa miaka sita aliyetokea jioni moja amebeba mdogo wake, akasema mama yao alimwambia kabla ya kufa kwamba aende kwa Mama Mkimbizi. Kwa jumla walilelewa saba katika nyumba yetu ya vyumba vitatu, mbali na wale waliokula kwetu na kulala kwao. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na ninakiri mbele ya usharika kwamba nilinung'unika. Mshahara wangu ulikuwa ukiishia katika madaftari na sare za watoto ambao sikuwazaa. Nilimwambia hivyo siku moja kwa ukali. Hakunijibu. Aliendelea kumenya ndizi, na alipomaliza akanipa kisu nimenye zilizobaki. Kati ya wale saba, sita wako hai. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mmoja wao zilimchelewa kwa miezi michache.

Aprili 1994 ilimkuta akiwa na miaka 58. Tulisikiliza redio usiku na mchana. Dada zake wawili, waliobaki kule karibu na Gahini, waliuawa pamoja na watoto wao. Tulipata habari hizo baadaye, jina kwa jina, kutoka kwa mtu aliyejificha katika mafunjo. Kisha, kuanzia tarehe 28 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Makambi yakafunguliwa hata huku Karagwe. Msomaji aelewe hali ilivyokuwa: wengi wa waliovuka walikuwa watu wa kawaida waliosukumwa na hofu, wanawake, wazee na watoto, lakini katikati yao walikuwamo wauaji, na kila mtu alijua hivyo.

Makanisa yaliombwa kupeleka chakula na nguo. Umoja wa akina mama ukakusanya ndizi, maharage na vitenge. Jumapili ya kwanza Mama alihesabu mizigo, akatia saini, akarudi nyumbani. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Jumapili ya tatu Mchungaji alimwuliza kwa upole iwapo angekwenda na lori, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua lugha vizuri. Akasema, "Mchungaji, unaniomba niwapikie waliowachinja dada zangu." Mchungaji hakuwa na jibu, wala hakujifanya kuwa nalo. Alikaa naye kimya barazani hadi kuku walipoingia kulala, akaaga.

Kwa majuma mawili hakuja kanisani, yeye ambaye mvua wala homa hazikumzuia. Sijui alipita wapi moyoni mwake katika siku hizo. Hakunisimulia, na nisingependa kumsingizia maneno matakatifu. Ninachojua ni kwamba Jumatano moja alfajiri nilimkuta amekaa juu ya magunia nyuma ya lori, beseni mapajani, na dereva akisubiri. Nilipanda nikaenda naye.

Kambini alipelekwa katika hema ambamo msichana wa kiasi cha miaka 18 alikuwa katika uchungu. Mwanamke mzee aliyekuwa naye alimtazama Mama, akautazama uso wake na urefu wake, akajua ni nani, akarudi nyuma kwa woga. Mama aliomba maji ya moto. Alizungumza Kinyarwanda kile cha zamani cha nyumbani kwao, bila kupandisha sauti. Hakuuliza msichana anatoka kilima gani wala mumewe yuko wapi. Mtoto alizaliwa mchana. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza, kwa kuwa nilikuwa na hasira bado, ingekuwaje kama baba wa yule mtoto ni mmoja wao. Akasema, "Mtoto hakuvuka mto kwa miguu yake." Kisha akalala njia nzima. Alirudi kambini kila Jumatano hadi makambi yalipofungwa Desemba 1996.

Wakati huo huo njia ya kurudi Rwanda ilikuwa imefunguka kwa wale wa zamani. Kaka yangu, yule aliyevushwa mgongoni, alirudi akiwa na familia yake. Ni watu kama yeye, waliolelewa katika sharika za Kilutheri za Tanzania, walioanzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda mwaka 1994. Kabla ya hapo Walutheri hawakuwa na kanisa huko. Alimwita Mama mara nyingi. Mama alikwenda mara moja, akakaa mwezi mmoja, akakitembelea kilima chao, akarudi. Alileta udongo kidogo katika kitambaa, akaumwaga kwenye mgomba wa mpakani. Tulipomwuliza mbona hakukaa, alisema watoto wa shule ya chekechea walikuwa karibu kufungua muhula na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

Nisingependa kuacha nje yaliyotokea mwaka 2013, ingawa wapo walionishauri niyaache. Mwishoni mwa Julai mwaka huo ilitolewa amri kwamba wahamiaji wasio na vibali katika mkoa wa Kagera waondoke katika majuma mawili, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu waliondoka, wakiwamo waliozaliwa hapa. Mama alikuwa na miaka 77. Ofisa mmoja alikuja nyumbani akadai karatasi. Lile Agano Jipya lilitolewa, na hati iliyokuwa ndani ilikuwa imeliwa na mchwa hata ukibaki muhuri nusu na herufi chache za jina. Aliambiwa ajiandae.

Aliniomba nisigombane na mtu. Alifua nguo zake mbili, akazikunja, akaweka beseni juu yake. Jioni ile walianza kuja: yule mtoto aliyezaliwa usiku wa mvua, sasa mtu wa makamo mwenye mvi, ambaye jamaa zake walikuwa wamepinga mpaka, kisha vijana wale sita, kisha wake kwa waume nisioweza kuwahesabu, wakakaa uwanjani kwetu hadi asubuhi pasipo kelele. Mwenyekiti wa Baraza la Wazee alileta kile kitabu cheusi, akakifungua ukurasa wa 1962. Kitabu cha kanisa si hati ya uraia, na ofisa alisema hivyo, kwa haki. Lakini alikubali kusubiri wakati kumbukumbu za 1980 zikitafutwa wilayani, na baada ya siku 19 jina lake lilipatikana. Siku zote hizo kulikuwa na watu uwanjani, wakipokezana kwa zamu, na akina mama walipika kwa vyungu vya kanisa.

Alilala katika Bwana mwaka 2017. Amezikwa kibanjani, mita chache kutoka kaburi la bibi aliyemkuta chini ya mbula, kama alivyoagiza. Beseni lake liko katika chumba cha vazi, na kila Alhamisi Kuu linatumika kuoshea miguu. Limetoboka kidogo ukingoni, na fundi ameliziba kwa risasi.

Mwaka jana katibu wa usharika alianza kunakili kitabu cheusi katika daftari jipya, kwa kuwa kurasa zinaanza kukatika. Alipofika kwa Mama aliniita, akaniuliza penye "Atokako" aandike Rwanda, Gahini, au jina la kilima chetu, ambalo sasa tunajua kuliandika. Nikamwambia anakili kama alivyoandika mwinjilisti.

Akaandika: Ng'ambo ya mto.